Vyuma vya Kusubiri Juu ya Duka la Kahawa

Wenzangu mnaobaki kwenye meza za michoro,

Siku nilipoaga ofisi mlitaka nihutubie. Nilikataa, kwa sababu hotuba ya kuaga husikilizwa na watu walioshika soda mkononi, na mtu aliyeshika soda hukubali kila kitu. Naandika, basi, ili anayetaka kunipinga arudi juu ya ukurasa anisome mara ya pili. Vyeo sitavitaja, nilipata vichache, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha jambo. Nina miaka hamsini na sita. Sikuondolewa na uzee bali na goti la kulia, ambalo lilizikataa ngazi kabla mimi sijakubali kushindwa, na mkaguzi wa majengo asiyepanda ngazi hukagua milango tu.

Kwa wale waliofika mwishoni: ninyi mnachora, mafundi wanajenga, nami nilisimama katikati nikizitilia shaka pande zote mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu yote. Watu waliniona mkavu. Sikuwahi kujitetea, wala leo sijitetei.

Niliingia kazini Bunia na diploma mpya na viatu vipya, na vyote viwili vilimchekesha Muzee Ukumu, msimamizi wa mafundi. Alikuwa mtu wa kando ya ziwa, upande wa Mahagi kama mimi, lakini ujamaa huo haukunipunguzia kitu. Hakunionyesha ramani. Alinipa nyundo ndogo, akanipeleka mbele ya ukuta uliopigwa plasta wiki iliyotangulia.

"Piga."

Nikapiga.

"Unasikia nini?"

"Ukuta, Muzee."

"Ukuta!" Akawageukia mafundi, nao wakatua karai zao ili wacheke vizuri. "Munasikia? Wamesomesha mutu miaka yote ile, anasikia ukuta. Piga tena. Chini kidogo."

Chini kidogo sauti ilikuwa nyingine, kama ya mtu anayeitikia jina lisilo lake. Muzee Ukumu akachukua patasi, akabandua plasta, na ndani tukakuta vipande vya matofali vilivyoshindiliwa kwa udongo. Fundi aliyehusika alikuwa amesimama nyuma yetu, na alikuwa ameacha kucheka.

"Simenti ni nguo," Muzee Ukumu aliniambia. "Mutu mwenye vidonda, ule njo anavaa nguo murefu."

Kwa miaka sita nilimfuata. Alinifundisha kusawazisha vichwa vya nguzo kwa mpira wa maji, mmoja wetu akishika ncha hii na mwingine ile, bila kuamini macho wala kifaa chochote chenye betri. Alinifundisha kusugua mchanga wa mto Shari katikati ya viganja: viganja vikibaki na tope, gari lirudi na mzigo wake. Tofali la kuchoma alilidondosha kutoka kifuani. Likipasuka vipande viwili, lilifaa ukuta wa ndani. Likisagika, lilirudishwa kwa mwenyewe pamoja na salamu. Na juu ya yote alinifundisha kwamba kinachoonekana ni ushahidi wa aliyekipamba, si wa kilichomo. Msinionee huruma kwa elimu hiyo. Imeokoa watu wengi zaidi kuliko tabasamu la mchoraji yeyote.

Kisha vita vikaja. Sitavieleza, waliokuwepo hawahitaji, na wasiokuwepo hawataamini. Nilimchukua mke wangu tukaenda Mahagi kwa wazazi. Muzee Ukumu alibaki Bunia.

Niliporudi nilikuta mji uliovuliwa mabati. Lakini katikati ya mji, kwenye barabara ya maduka, niliona kitu ambacho kabla ya kuondoka nilikuwa nimekiona hapa na pale tu, na sasa kilikuwa kila mahali. Nyumba za chini, zisizo na ghorofa, hata etaje moja, zilikuwa zimeachiwa vyuma vya kusubiri etaje ya kesho, vilivyochomoza juu ya nguzo kama mabua ya shamba lililovunwa, na kila chuma kimevikwa chupa ya plastiki ili mvua isikiozeshe. Desturi hiyo mnaijua, mmezaliwa nayo. Mwenye nyumba anayeacha vyuma juu anawaambia majirani na wakwe kwamba hajamaliza, na kwetu mtu ambaye hajamaliza huheshimiwa kuliko aliyemaliza. Sijui mji mwingine ambako watu husalimia kwanza paa, halafu mwenye paa.

Baadaye wakaja watu wa mashirika na kupanga nyumba. Wakaja wafanyabiashara kutoka Butembo na Beni, wengine wakifuata biashara, wengine wakikimbia yaliyokuwa yakiwafuata. Viwanja vya katikati ya mji vikawa haba, na neno "apartema" likaanza kutamkwa hata na watu ambao hawajawahi kuishi juu ya kichwa cha mtu mwingine. Nilisikia kila siku kwamba mji unafufuka. Mimi hutaka kwanza kujua nani amelifunua kaburi, na kwa nini.

Mtakumbuka ugomvi wangu na Injeniere Bahati, ambaye leo ndiye mkubwa wenu, juu ya ramani yake ya kwanza ya apartema. Vyumba vilikuwa vizuri, vioo vingi, jiko dogo kama kabati.

"Mbabula ya makala ya kupikia itakaa wapi?" nilimuuliza.

"Watatumia umeme, Chef," akanijibu, kama mnavyomwita kila mkubwa wa kazi.

"Umeme gani?"

Nikaendelea: "Na majani ya sombe watapondea wapi? Kinu kwenye etaje ya pili, aliye chini atakula plasta."

"Sombe watanunua ya kusagwa tayari."

"Mama yako ananunua ya kusagwa?"

"Kwa Mama ni kwa Mama, Chef. Hii ni moderne."

Akafuta, akachora upya, akaweka kiwanja cha vinu nyuma ya jengo na veranda ya moshi kila etaje. Wapangaji hawakujua kamwe kwa nini nyumba ile inakalika, na ndivyo inavyotakiwa. Kazi yetu ikisifiwa, tafuteni kosa.

Sasa niwaeleze kesi iliyo moyoni mwangu. Ripoti yake iko kwenye kabati lenu. Ripoti haina pumzi, kwa hiyo someni na hii.

Mama Masika, mfanyabiashara wa vitenge na vyombo vya nyumba, alinunua duka la zamani la mnunuzi wa kahawa, marehemu, pale kwenye barabara ya maduka. Mwanamke huyu alikuwa na sauti iliyotangulia miguu yake kwa nusu saa. Alitaka etaje tatu za apartema juu ya duka lile. Katika vyumba vya nyuma alikuwa tayari amemweka mdogo wake Kavira na jamaa yake, watu tisa waliotoka upande wa Beni na magodoro matatu. Wangebaki humo humo wakati wa ujenzi, kwa kuwa hawakuwa na kwingine.

Injeniere Bahati alipiga hesabu na kuchora. Mbao za kumwagia dali, sakafu ya betoni ya etaje ya kwanza, zilikuwa zimeshasimamishwa, na mbuzi wa mafundi amefungwa kwenye nguzo ya umeme akingoja kuchinjwa Jumamosi, siku ya kumwaga. Jumatatu ya wiki hiyo nilikwenda kukagua.

"Injeniere, chini ya nguzo hizi iko nini?"

"Fondasyo, Chef."

"Uliiona?"

"Niliona vyuma. Vinne kila nguzo, nguzo kumi na mbili, vyote vya milimita kumi na nne. Mutu hawezi kuacha vyuma kama vile juu na chini hakuna kitu. Nani atafanya vile?"

Alisema kwa imani safi, na imani safi ndiyo inayonitisha. Kosa lake lilikuwa la mji mzima: tulizoea kusoma nyumba kuanzia kichwani. Nilimwomba Mama Masika karatasi ya mauzo. Ilisema duka lilijengwa katikati ya miaka ya vita. Nikakaa juu ya rundo la mchanga nikafikiri. Katika miaka hiyo hakuna gari lililovuka na simenti kutoka Uganda; mifuko michache iliyofika ilibebwa kwa baiskeli. Nguzo kumi na mbili za betoni, na msingi wa kuzibeba, zinakula simenti ya gari zima. Ilipita wapi?

Nikatoa nyundo. Juu ya nguzo, karibu na dari, sauti ilikuwa kavu na ya kweli. Chini kidogo ya hapo ikabadilika. Nikapiga nguzo ya pili, ya tano, ya kumi na mbili. Zote ziliitikia jina lisilo lao.

Fundi aliyejenga nilimjua kabla sijauliza. Ncha za vyuma zilikunjwa kidogo upande wa kushoto, na katika Bunia nzima ni mtu mmoja tu aliyekunja upande huo, kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto.

Nilimkuta Muzee Ukumu uani kwake akitengeneza mguu wa kiti.

"Muzee, ile duka ya kahawa, weye njo ulijenga?"

"Miye."

"Chini iko nini?"

"Chini iko kazi yangu."

"Naomba ruhusa ya kuchimba nione."

Akaweka kiti chini polepole. "Unachimba kaburi yangu na niko muzima?"

Nikaaga. Ninyi vijana mnaweza kuuliza kwa nini niliomba ruhusa kwa mtu asiye mwenye nyumba. Kwetu fundi akishakufundisha, kuchimba mguu wa nyumba yake ni kumwita mwongo mbele ya mji, na mji hausamehe mwanafunzi wa namna hiyo. Nilitembea hadi nyumbani nikijitafutia sababu za kuacha. Nilizipata nyingi, zote za heshima. Nikaogopa, kwa sababu sababu zikiwa nyingi na za heshima, mara nyingi zinaficha woga mmoja.

Kesho yake nilileta wachimbaji wawili. Mama Masika alitukuta tumeshavunja vigae viwili vya baraza.

"Papa, unafanya nini na nyumba yangu? Watu watasema iko na ugonjwa!"

"Pengine iko nayo, Mama."

"Hii mashaka, ulizaliwa nayo ao ulisomea?"

"Nilisomea. Mwalimu alikuwa mukali."

Watu wa moto, wabeba abiria, walikuwa wamesimamisha pikipiki zao kutazama. "Muzee, munatafuta or?" mmoja akapaza sauti. "Hapa hamutapata zahabu, mwende kwa mugodi ya Bambu!" Mwenzake akamjibu: "Acha, wakipata siye tunabeba!" Kicheko kilikuwa kikubwa. Mimi nilipima kina cha shimo.

Beleshi liligonga jiwe kabla shimo halijafika magotini. Hapakuwa na msingi wa nguzo, palikuwa na mstari wa mawe tu, ule unaotosha kubeba kuta na mabati. Nikapanda juu, kwa goti lile lile, nikabandua plasta ya nguzo. Kichwa kilikuwa cha betoni, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na vyuma vilikuwa vimepandwa humo kama maua kwenye kopo. Chini ya hapo, hadi ardhini, yalikuwa matofali yaliyovaa simenti.

Injeniere Bahati alitazama, akachukua nyundo yangu, akapiga nguzo zilizobaki, moja baada ya nyingine. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa hesabu zake zote.

Mama Masika hakupiga kelele. Aliinua macho kwenye mbao za dali, kisha akayashusha hadi mlango wa vyumba vya nyuma. "Na hii ingelala juu ya nani?" aliuliza, akajijibu mwenyewe: "Juu ya Kavira." Halafu: "Ondoeni mbao. Bomoeni hata kichwa ya nguzo. Mbuzi mukule, haina kosa."

Habari mjini husafiri kwa pikipiki, na Muzee Ukumu alifika kwayo kabla ya saa sita mchana. Alishuka, akalitazama shimo kwa muda mrefu kama mtu anayetazama mdomo wake uliong'olewa jino.

"Ulitafuta, ukapata," akaniambia. "Sasa unajua nini?"

"Najua ulipanda vyuma vya uongo."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Mahagi."

"Ulikuwa Mahagi. Siye tulikuwa hapa. Kila asubuhi mutu anafunga duka anakimbia, na jirani akiona vile, naye anafunga. Mwenye hii duka aliniita. Simenti hakuna. Akasema, Ukumu, niweke vyuma juu, wajue sikimbii. Nikamuwekea. Jirani akaona vyuma, akasema, kama ule anajenga, na miye nabaki. Hii barabara yote ilibaki sababu ya vile vyuma. Andika na hiyo!"

Fundi mmoja, mtu mzima, alitikisa kichwa kwa kumkubali. Niliona kwamba nikimwacha pale atatoka shujaa. Nami nilimpenda, ndiyo maana sikumwacha.

"Nitaandika," nilisema. "Nitaandika pia kwamba vita viliisha, na hukurudi kumwambia mutu."

Akaigeukia pikipiki.

"Muzee, nyumba za namna hii ziko ngapi?"

Akapanda, akaondoka.

Nimeyafikiria maneno yake ya pale shimoni miaka hii yote, na nimesoma vya kutosha kujua kwamba huruma iliyomo ndani yake si ya kubuni. Barabara ile kweli ilibaki. Lakini uongo wa huruma huishi kuliko huruma yenyewe. Mnunuzi wa kahawa alikufa, woga ukaondoka, majirani wakasahau kilichowabakiza. Vyuma peke yake vikabaki juu, vikiendelea kusema neno ambalo hakuna aliyekuwa hai kulisahihisha ila mtu mmoja, naye alikuwa akitengeneza viti. Anayesema uongo ili kuokoa watu amejipa kazi ya pili, ya kuufuta hatari ikipita. Sijamwona mwingine aliyeikumbuka.

Siku ya kuandika ripoti Injeniere Bahati alisimama mlangoni kwangu. "Chef, weka 'fundi asiyejulikana'. Ni muzee. Itamuua."

"Anajulikana," nikasema, nikaandika jina.

Kuanzia hapo tulipokutana kanisani Muzee Ukumu alihamia benchi la upande wa pili. Mke wangu aliniambia kwamba nimekuwa na haki kama jiwe. Sikulala vizuri, lakini si kwa sababu ya ripoti. Nilikuwa nikipita barabara ya maduka na kuhesabu chupa za plastiki zilizoficha ncha za vyuma juu ya paa, na kila nyumba iliyozaliwa miaka ile nilidhani ni yake. Niliziandikia familia za nyumba hizo barua kuomba nichimbe. Wawili walinijibu kwa matusi, mmoja kwa mawakili, wengine kwa kimya. Hakuna anayemfungulia mlango mtu anayekuja kumwambia kwamba nyumba yake haijasimama juu ya kitu. Nikajua kwamba mtu mmoja tu ndiye angeweza kufunguliwa, naye hakuwa akisema nami.

Mtajifunza haraka kuliko mimi kuweka sharti la shimo katika mkataba kabla ya mstari wa kwanza wa ramani. Mtu akitaka etaje juu ya nyumba ya zamani, chimbeni nguzo za pembe na moja ya katikati, mguse msingi kwa mkono, na akikataa, mrudishieni faili siku hiyo hiyo. Msipokee kiapo badala ya shimo, hata cha padri, hata cha fundi aliyewafundisha.

Majuma kama manne baada ya ripoti, asubuhi, niliona mtu amesimama kwenye lango langu amevaa koti la Jumapili siku ya kazi. Hakunisalimu.

"Vaa viatu," alisema Muzee Ukumu.

Tulitembea hadi barabara ya maduka. Mbele ya duka la spea za pikipiki akanyoosha fimbo: "Hii." Tukapita nyumba tatu. "Na hii." Nikaandika. "Hii. Na ile ya lango ya kijani." Zote nne zilikuwa bado za chini, vyuma vikingoja, na nilianza kupumua. Mwisho wa barabara akasimama mbele ya nyumba ya tano. Fimbo yake haikunyanyuka.

Hiyo ilikuwa na etaje. Rangi ya krimu, vioo vya bluu, nguo zimeanikwa kwenye veranda ya juu. Etaje hiyo haikuwa kazi ya ofisi yetu, na hakuna kati yetu aliyejua imeongezwa lini wala na nani. Kwenye ukuta wa chini, karibu na dirisha, niliona ufa mwembamba uliozibwa na kupakwa rangi, kisha ukapasuka tena juu ya rangi.

Nilimwambia aniache nigonge mimi, kwa kuwa ni kazi yangu. Akanisogeza kwa bega na kugonga lango kwa kichwa cha fimbo. Mwanamume mmoja akafungua, akamtambua, uso wake ukafunguka.

"Muzee Ukumu! Karibu! Ingia, unywe chai."

"Hapana, mutoto wangu," Muzee Ukumu alisema. "Muko wangapi ndani?"

"Sita, na mugeni moja. Kuna nini?"

"Waite. Mutoke wote kwanza, mukuje hapa barabarani. Halafu njo nitasema."

Mtu yule alinitazama mimi, akaiona nyundo mfukoni mwangu, akaacha kutabasamu. Akarudi ndani akiita majina. Walitoka mmoja mmoja, wa mwisho akiwa mwanamke mwenye taulo begani na povu la sabuni masikioni, akiuliza nani amekufa. Muzee Ukumu aliwahesabu kwa sauti hadi saba, akavua kofia.